Viza ya utalii mtandaoni: hatua kwa hatua, kuanzia pasipoti hadi muhuri

Kujaza fomu ya viza mtandaoni ni kazi ya saa moja, pengine pungufu. Kinachowachelewesha watu, na wakati mwingine kuwarudisha nyumbani na mabegi yao, ni mambo ya kabla na baada ya fomu: picha iliyokataliwa, herufi moja iliyopotoka, au tovuti ya mjanja aliyejifanya serikali. Enzi za karatasi, karani wa ubalozini angekuonyesha kwa kalamu pale ulipokosea. Kompyuta haina huruma hiyo. Inapokea ulichoandika kama kilivyo, na siku ya safari inakilinganisha na pasipoti yako.

Kwa hiyo kabla ya yote, iweke pasipoti mezani, wazi, upande wenye picha. Usijaze chochote kwa kumbukumbu, hata jina lako.

Hatua ya 1: Jua unaomba kitu gani

Watu wanasema "viza ya mtandaoni" wakimaanisha vitu vinavyotofautiana sana.

Kuna kibali cha kusafiri cha kielektroniki. Hiki ni cha raia wa nchi ambazo kwa kawaida hazidaiwi viza, lakini wanatakiwa kujiandikisha kabla ya kupanda ndege. Australia ilianza utaratibu huo mwaka 1996. ESTA ya Marekani imekuwa ya lazima tangu Januari 2009. Kanada wana eTA na Uingereza wana ETA. Kisheria si viza, ila bila hicho hupandi ndege, na hapo tofauti ya majina haikusaidii kitu.

Kuna viza kamili ya kielektroniki, kama ya Uturuki, India au Vietnam. Unaomba, unalipa, unasubiri, unaipokea kwa barua pepe au unaipakua kwenye tovuti yao. Pasipoti yako haiendi popote.

Halafu kuna ile inayowapotosha wengi: fomu iko mtandaoni, viza haiko mtandaoni. Fomu DS-160 ya Marekani ndiyo mfano mzuri. Unaijaza kwenye kompyuta mpaka mwisho, unapewa ukurasa wa uthibitisho, unapumua. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza: bado kuna ada, miadi, alama za vidole na mahojiano ubalozini. Aliyepanga safari ya wiki ijayo kwa kuamini amemaliza atakuwa amejipa presha bure.

Kinachoamua uko kundi lipi ni pasipoti yako, si nchi unayoishi. Mwenye uraia wa nchi mbili achague mapema pasipoti atakayosafiria, aombee hiyo, na aonyeshe hiyo hiyo kwenye kaunta na mpakani.

Na usisahau nchi za kupitia. Ukibadilisha ndege katika nchi ya tatu kwa tiketi moja, mara nyingi unabaki ndani ya eneo la abiria wa kuunganisha na hakuna anayekuuliza kitu. Lakini kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili kubana matumizi, huenda ukalazimika kutoka nje, kuchukua mzigo wako na kuukabidhi upya. Kutoka nje maana yake umeingia nchi hiyo, na kuingia kunaweza kutaka viza. Zaidi ya hapo, zipo nchi zinazodai viza ya kupita hata kwa asiyetoka uwanjani, kutegemea uraia wake. Kila mahali ndege itakapotua, uliza swali lile lile.

Hatua ya 2: Kagua pasipoti, kisha pigia hesabu tarehe

Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku ya kuingia. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, zina hesabu yao: angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. India wanataka miezi 6 na kurasa mbili tupu za kugongea mihuri. Kama pasipoti imebakiza miezi michache, badilisha kwanza, omba viza baadaye. Viza ya kielektroniki imefungwa kwenye namba ya pasipoti. Ukipata kitabu kipya una namba mpya, na ile viza uliyoilipia imebaki na kitabu cha zamani. ESTA ndivyo ilivyo pia: pasipoti mpya, ombi jipya.

Kuhusu lini uombe, wengi wanajua hatari ya kuchelewa. Kuwahi mno nako kuna adha yake. Viza ya utalii ya India ya siku 30 haiombwi mapema kuliko siku 30 kabla ya kufika, wala chini ya siku 4. Marekani wanashauri ESTA iombwe angalau saa 72 kabla ya safari. Mimi nafuata kanuni ya wiki tatu hadi nne pale nchi inaporuhusu: muda huo unatosha kurekebisha picha iliyokataliwa na kurudia ombi lililokwama. Kumbuka pia kwamba sikukuu zinazohesabika hapa ni za kwao. Ofisi yao ikifungwa wiki nzima, ombi lako nalo limelala.

Kama unakokwenda wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kishughulikie sasa, si baada ya viza. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya siku moja kabla ya safari haikusaidii. La kutia moyo ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambulika kwa maisha yako yote. Waliochanjwa zamani hawana haja ya kurudia.

Tiketi je? Fomu nyingi zinauliza tarehe ya kufika na anwani ya malazi, na baadhi zinataka hata namba ya ndege. Nunua tiketi inayobadilishika, au weka nafasi ya hoteli inayofutika bila gharama, uzitumie hizo kwenye fomu. Tiketi isiyorudishiwa fedha inayonunuliwa kabla ya viza ni kamari.

Hatua ya 3: Tafuta mlango wa serikali yenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukiandika jina la nchi na neno viza kwenye kitafutio, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa. Baadhi ni ya mawakala halali wanaoongeza ada yao juu ya ile ya serikali. Mengine ni ya matapeli wenye bendera, nembo ya taifa na rangi zote zinazostahili. Anayekupiga ada mara tatu na kukuletea viza ya kweli angalau kakuletea viza. Mbaya zaidi ni yule anayebaki na nakala ya pasipoti yako, namba ya kadi yako na jina la mama yako.

Usiamini muonekano wa ukurasa, soma anwani yake. Uturuki ni evisa.gov.tr. India ni indianvisaonline.gov.in. Vietnam ni evisa.gov.vn. ESTA inaombwa kwenye esta.cbp.dhs.gov. Angalia mahali neno gov lilipokaa: liko mwishoni kabisa, au limefuatiwa tu na herufi mbili za nchi, kabla ya mkwaju wa kwanza. Tapeli naye anaweza kuandika gov, lakini ataiweka mwanzoni au katikati ya anwani, kisha amalizie na jina lake na com. Kufuli dogo pembeni ya anwani halithibitishi kitu. Linasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa, hata kama unawasiliana na mwizi.

Si kila serikali hutumia gov. Kanada hutumia canada.ca, kwa mfano. Njia isiyokosea ni kuanzia kwenye tovuti ya ubalozi au wizara ya mambo ya nje ya nchi unayokwenda, na kubofya kiungo kutoka huko.

Hatua ya 4: Andaa faili kabla ya kufungua fomu

Tovuti nyingi za viza hukutupa nje ukikaa kimya kwa dakika kadhaa. Ukianza kutafuta picha katikati ya kujaza, utarudi ukute fomu imefutika. Kila faili iwe tayari, kwenye folda moja, yenye jina fupi lisilo na nafasi wala alama: pasi.pdf, picha.jpg, basi.

Picha: ukuta mweupe, uso unaotazama mbele, macho wazi, hakuna kivuli nyuma ya kichwa. Vua miwani, Marekani waliipiga marufuku kwenye picha za viza tangu Novemba 2016, na kwingine inasumbua kwa sababu ya mng'ao. Usiipitishe kwenye programu ya kulainisha ngozi. Na usipige picha ya picha: ile ndogo ya karatasi ukiipiga kwa simu hutoka na chembechembe ambazo mfumo unazikataa. Mwombe mtu akupige kwa simu akiwa umbali wa mita moja na nusu hivi, mchana, ukitazama dirisha.

Vipimo hutofautiana. India wanataka picha ya mraba ya JPEG yenye uzito kati ya KB 10 na MB 1, na ukurasa wa pasipoti katika PDF isiyozidi KB 300. Fomu ya DS-160 inataka picha ya pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, isiyozidi KB 240. Picha za simu za siku hizi huwa na MB kadhaa, kwa hiyo lazima uipunguze. Angalia tu baada ya kuipunguza kwamba maandishi bado yanasomeka.

Ukurasa wa pasipoti ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu ya ile nailoni yenye michoro inayong'aa. Zima tochi ya simu, weka pasipoti bapa karibu na dirisha, isiwe chini ya taa ya dari. Pembe zote nne zionekane, na ile mistari miwili ya chini yenye alama za < isikatwe wala kuzibwa na kidole gumba.

Hatua ya 5: Jaza, kwa kunakili na si kwa kukumbuka

Ile mistari miwili ya chini si pambo. Ina nafasi 44 kila mmoja, na ndiyo mashine ya uwanja wa ndege inayoisoma: jina, namba, uraia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Mashine ikishaisoma huenda kwenye kumbukumbu za viza kutafuta namba hiyo hiyo. Ukiwa umekosea herufi moja kwenye fomu, viza yako ipo, ila si ya pasipoti yako.

Namba ya pasipoti ndiyo yenye mtego mkubwa. Sifuri na herufi O, namba 1 na herufi I, namba 8 na herufi B. Niliwahi kulipia kibali mara mbili kwa sababu ya duara moja tu nililolisoma kama herufi. Kwenye pasipoti za Ujerumani jibu ni jepesi, kwa kuwa namba zake hazina kabisa herufi O: kila duara ni sifuri. Kwa pasipoti nyingine, linganisha namba ya juu na ile ya mstari wa chini, ambako maandishi ya mashine hutenganisha umbo la herufi na la tarakimu.

Majina nayo. Fomu hugawa jina la ukoo na majina mengine. Wewe fuata mgawanyo wa pasipoti hata kama nyumbani mnayapanga kinyume. Usiache jina la kati kwa sababu tu hulitumii. Herufi zenye alama juu zinaandikwa kama zilivyo kwenye mstari wa mashine: Müller pale chini ni MUELLER. Jina refu sana hukatwa chini, maana nafasi za majina ni 39 tu, na hapo utanakili la juu ambalo limekamilika. Mwenye jina moja pekee asome maelekezo ya nchi husika. Kwenye DS-160, kwa mfano, sehemu ya majina mengine huandikwa FNU (kifupi cha Kiingereza cha "jina la kwanza halijulikani") kama pasipoti haina majina hayo.

Tarehe: 04/07 ni tarehe 4 Julai kwa wengine na Aprili 7 kwa wengine. Soma mpangilio ulioandikwa kando ya kisanduku. Pasipoti nyingi huandika mwezi kwa herufi, na hiyo itakuokoa.

Uraia si mahali ulipozaliwa. Tarehe ya kutolewa si ya kuisha. Nayasema haya yaliyo wazi kwa sababu saa tano usiku, na ukurasa unatishia kukutupa nje, hayawi wazi tena.

Kuna mambo mawili ya kuzima kwenye kivinjari. La kwanza ni tafsiri ya papo kwa papo: huvuruga orodha za kuchagua, ukadhani umechagua nchi moja kumbe ni nyingine. La pili ni ujazaji wa moja kwa moja, unaopenda kuingiza jina la utani au anwani ya zamani bila kukuuliza.

Baadhi ya maswali yatakushangaza. Fomu ya India huuliza dini, majina ya wazazi, alama inayoonekana mwilini na nchi ulizotembelea miaka 10 iliyopita. Jibu kweli tupu. Kama uliwahi kunyimwa viza au kurudishwa mpakani, sema na ueleze. Kukataliwa zamani husameheka, uongo ukigundulika unaweza kukufungia mlango kwa miaka. Sababu ya safari iwe utalii ikiwa kweli ni utalii. Kazi ya malipo haimo, na nchi nyingi huhesabu hata kujitolea kuwa si utalii.

Ukiulizwa mahali pa kuingilia, usibahatishe. Viza za kielektroniki za India na Vietnam hutumika kwenye viwanja na vituo vilivyotajwa tu. Aliyepanga kuvuka kwa basi kupitia mpaka mdogo usiomo kwenye orodha atageuzwa na viza yake mkononi.

Ukipewa namba ya ombi ya muda, iandike kwenye karatasi. Kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, mpe mtu mwingine pasipoti akusomee kwa sauti herufi moja moja, wewe ukifuata kwenye skrini. Jicho lililoandika kosa halilioni.

Hatua ya 6: Lipa mara moja

Hakikisha kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi na kwamba simu inayopokea namba za uthibitisho iko karibu. Kadi yenye maandishi Visa si sharti, jina tu linafanana. Malipo yakigoma au ukurasa ukiganda, usilipe tena hapo hapo. Angalia benki kama fedha zimekatwa, kisha fungua hali ya ombi kwa namba uliyoiandika. Mifumo mingine hukawia kupata taarifa za benki, na ada ya viza kwa kawaida hairudi, hata ukinyimwa.

Hatua ya 7: Subiri, ukichungulia

Tazama hali ya ombi kwenye tovuti kila baada ya siku moja au mbili, na folda ya barua taka pia, maana jibu hupenda kujificha humo. Wakikuomba picha nyingine au hati ya ziada, wape siku hiyo hiyo. Usitume ombi la pili kwa hofu. Maombi mawili ya mtu mmoja huchanganya mfumo na kuchelewesha yote.

Hatua ya 8: Viza ikija, isome

Wengi hufurahi, hufunga simu. Ifungue na uilinganishe na pasipoti: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, uraia. Kosa likionekana leo linaweza kurekebishwa au kuombwa upya. Likionekana kwenye kaunta, ndege haikusubiri.

Halafu tofautisha muda wa matumizi na muda wa kukaa. Viza inaweza kuandikwa inatumika siku 180 huku ukaaji ukiwa siku 30. Maana yake unaweza kuingia siku yoyote ndani ya hizo 180, lakini ukiingia unakaa 30 tu. ESTA hutumika miaka miwili, na kila ziara haizidi siku 90. Siku ya kufika kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza, hata ukitua saa nne usiku. Angalia pia ni ya kuingia mara moja au mara nyingi: ukitoka siku moja kwenda nchi jirani na viza ya mara moja, umeimaliza.

Chapisha nakala mbili, moja mkononi na moja kwenye begi, na hifadhi PDF kwenye simu pasipo kutegemea intaneti. Mtoto awe na viza yake, hata wa miezi mitatu.

Nchi nyingine zina fomu ya kuwasili juu ya viza. Singapore wanayo, na Thailand wameanza yao Mei 2025. Zote hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni bure. Ukidaiwa fedha hapo, umeshapotea mlango.

Hatua ya 9: Kaunta, kisha dirisha la uhamiaji

Mkaguzi wako wa kwanza ni mhudumu wa shirika la ndege. Mashirika hutozwa faini yakimsafirisha asiye na hati, na hulazimika kumrudisha, kwa hiyo mhudumu ataangalia masharti ya nchi kwenye mfumo uitwao Timatic wa chama cha mashirika ya ndege, IATA. Hataki maelezo, anataka hati. Mpe pasipoti na nakala ya viza pamoja.

Ukifika, jua kwamba viza imekufikisha dirishani, lakini mwenye uamuzi wa kukuingiza ni afisa. Anaweza kuuliza utalala wapi, utaondoka lini, una fedha za kujikimu. Jibu fupi, linaloafikiana na uliyoandika kwenye fomu, ndiyo maana inafaa uipitie ukiwa ndani ya ndege.

Akigonga muhuri, usiondoke dirishani bila kuusoma. Afisa anaweza kukupa siku pungufu kuliko ulizotarajia, na pengine amekosea tarehe kwa uchovu wa foleni. Ukiwa bado mbele yake, kurekebisha ni kazi ya dakika moja.